Marashi ya Waridi: Ni Mvuke, si Mchemsho

Mwambao wa Afrika Mashariki hauhitaji kufundishwa matumizi ya marashi. Mrashi huzungushwa kwenye maulidi na harusi, na matone machache hutiwa kwenye biriani au faluda. Siku hizi wengi wanajitengenezea wenyewe, hasa kwa ajili ya ngozi ya uso. Huchemsha petali za waridi mpaka maji yawe mekundu, huchuja, hutia chupani. Kusema kweli, hiyo ni chai ya waridi.

Marashi hupatikana kwa mvuke. Kemikali inayobeba sehemu kubwa ya harufu yake, feniletanoli, huchemka kwenye nyuzijoto 219 hivi, lakini mvuke wa maji huibeba kwenye nyuzijoto 100 tu. Mvuke ukikutana na ubaridi hurudi kuwa maji, nayo feniletanoli hubaki imeyeyuka humo. Rangi na sukari za petali hazipandi na mvuke, kwa hiyo yanayodondoka huwa hayana rangi.

Wakulima wa Jebel Akhdar, Oman, huchuma mawaridi kati ya Machi na Mei, mapema asubuhi kabla jua halijafukuza harufu. Petali huwekwa chunguni juu ya tanuri la udongo, chombo cha shaba ndani yake hupokea matone, na juu hukaa bakuli la maji baridi. Jikoni kwako sufuria inatosha. Fudikiza kibakuli katikati, weka kingine juu yake, zungushia petali na maji ya kuzifunika tu. Geuza mfuniko ili kishikio kielekee kibakuli cha juu, kisha weka barafu juu ya mfuniko. Moto uwe mdogo. Usiwe na tamaa ya kujaza chupa: matone ya mwanzo ndiyo yenye harufu, yanayofuata huelekea kuwa maji matupu.

Mawaridi ya dukani usiyatumie. Maua ya mashamba makubwa, kama yale ya Naivasha, hukuzwa kwa ajili ya mapambo, si kwa chakula wala ngozi, na hupuliziwa dawa za wadudu na ukungu. Tafuta ya bustanini yasiyopuliziwa, yenye harufu kali. Waridi lisilonukia halitatoa marashi yanayonukia.

Hatari kubwa ni vijidudu. Marashi ya nyumbani hayana kihifadhi, na bakteria huota hata kwenye maji yanayoonekana safi. Tia kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa, weka kwenye friji, tumia ndani ya wiki moja au mbili. Yakibadilika mwonekano au harufu, mwaga. Jaribu kwanza kidogo ndani ya kiwiko, usubiri siku moja uone kama ngozi inawasha.

Na faida yake? Huburudisha ngozi na kunukia vizuri. Madai kwamba yanafuta makunyanzi au yanatibu chunusi hayana ushahidi wa kutosha. Lile la kuosha macho ndilo la kuogopwa zaidi, kwa sababu jicho linahitaji dawa isiyo na kijidudu hata kimoja, na sufuria ya nyumbani haiwezi kuhakikisha hilo. Jicho likiwasha au kuwa jekundu, nenda kituo cha afya.