Tairi la Motokaa Katika Pikipiki

Huko Marekani wako wapanda pikipiki ambao, tairi la nyuma likichakaa, hufunga la motokaa mahali pake. Sababu yao twaijua. Pikipiki kama Triumph Rocket III, iliyotolewa mwaka 2004 na yenye injini ya sentimita za ujazo 2,294, ni nzito na ina nguvu nyingi. Hula tairi upesi, na tairi lake ni ghali. La motokaa hudumu zaidi, na bei yake ni nafuu. Mtu anayetoa fedha mfukoni mwake kila mara hatuwezi kumcheka.

Lakini na tuyatazame matairi yenyewe. La pikipiki limeviringwa toka bega hata bega, maana pikipiki hulala inapokata kona. La motokaa ni bapa, kwa kuwa motokaa hailali. Likilazwa hukanyaga kwa ukingo wake, na pikipiki hushindana na mpandaji ikitaka kusimama. Tena, sehemu yake ishikayo rimu haikuundwa kwa rimu ya pikipiki. Ndiyo maana watengenezaji huikataza desturi hiyo.

Wenye kuifuata hujibu kwamba wamekwenda maelfu ya maili salama. Hatuwaiti waongo. Lakini shahidi wa kweli ni kona kali, gari lingine likitokea mbele ghafula. Wahenga walinena: rahisi huvunja upishi. Naam, chakula kilichoharibika hupikwa kingine. Uti wa mgongo hauuzwi dukani. Mwenye kutafuta akiba, na aitafute penginepo.