Tangi la Samaki Linapungua na Halivuji? Maji Yanaenda Hapa

Kama umeweka tangi la samaki kejani, hii lazima umeiona. Jumapili maji yalikuwa juu kabisa, Ijumaa yameshuka vidole viwili. Sakafu ni kavu, hakuna mtu ameyagusa. Wasee wengi huanza kushuku kioo kimepasuka. Tulia kwanza. Maji yamepaa hewani, vile tu nguo hukauka kwa kamba.

Samaki kama guppy na betta hupenda maji ya nyuzi 24 hadi 27 hivi. Sasa fikiria Julai ya Nairobi: hewa ya nyumba ni baridi, hita inachemka usiku kucha, maji yana joto kuliko hewa. Hapo yanapaa sana. Ndio maana tangi linaweza kukauka hata msimu wa makoti. Ukiongeza feni, dirisha wazi na pampu ya kutoa povu, yanaenda mbio zaidi.

Na si maji kidogo. Tangi la urefu wa sentimita 60 na upana wa 30 likishuka sentimita moja tu, umepoteza lita 1.8. Likishuka tatu, hizo ni lita 5.4.

Sasa noma iko hapa: maji hupaa peke yake. Chumvi, chokaa na uchafu wa samaki hubaki ndani. Ziwa Magadi ni vivyo hivyo. Chemchemi za maji ya chumvi zinaingia, jua linachukua maji, magadi yanabaki. Tangi lako ni Magadi ndogo, tofauti ni pazia na sofa.

Kwa hivyo yule msee ambaye kazi yake ni kujazia tu na maji ya bomba au ya borehole, kila wiki anaongeza chumvi juu ya chumvi. Tangi linakaa limejaa na maji yanang'aa, lakini ndani yamekuwa makali. Samaki wa zamani walizoea pole pole, hawashtuki. Shida huanza ukinunua mgeni. Anaingia leo, kesho kutwa anaelea, na wewe unamlaumu aliyekuuzia.

Dawa ni kujua kwamba kujazia na kubadilisha ni kazi mbili tofauti. Kila wiki toa karibu robo ya maji, kisha rudisha mapya yenye joto sawa na ya tangi. Tangi la lita 54, hiyo ni lita 13 hivi, hata mtungi wa 20 haujai. Maji ya bomba yana klorini, na hiyo huua samaki. Yaache kwa ndoo wazi siku nzima kabla, ama tumia dawa ya kutoa klorini. Na vile mifereji ya mtaa hukauka bila notisi, weka ndoo mapema.

Za kujazia katikati ya wiki, tumia maji yasiyo na chumvi nyingi, kama ya mvua safi. Lakini usijaze tangi lote nayo, samaki pia wanahitaji madini kidogo.

Weka kifuniko cha kioo, uache nafasi ya hewa. Maji yatapaa kidogo, na samaki hataruka nje. Bandika kipande cha selotepu pale maji yalifika, ujue yanashuka kiasi gani. Yakishuka ghafla usiku mmoja, tandika gazeti kavu chini ya tangi. Likilowa, hapo sasa kioo kinavuja kweli.

Pia, chomoa hita kabla ya kutoa maji. Ikiwaka ikiwa nje ya maji, kioo chake kinaweza kupasuka.

Na hayo maji machafu usimwage kwa sinki. Uchafu wa samaki ni mbolea. Mwagia sukuma wiki zako kwa gunia, zitakushukuru.