Kalamu na Dukuduku la Moyo



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, katika toleo hili nimeona tuzungumze jambo ambalo madrasani hatulizungumzi sana, nalo ni afya ya moyo wa mwanafunzi. Sikusudii moyo unaosukuma damu, bali ule unaobeba huzuni, hofu na hasira.

Nianze na kisa kilichonifunza mimi mwenyewe. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2019, Idi ya kuchinja ikiwa mlangoni, lori la mafuta lilipinduka hapa Morogoro, eneo la Msamvu. Watu walikimbilia kuchota mafuta, moto ukalipuka, na waliofariki siku ile na siku zilizofuata hospitalini walizidi 100. Hakuna mtaa wa mji wetu ambao haukuguswa.

Darasani kwangu palikuwa na kijana aliyemaliza kuhifadhi Juzuu Amma na kuingia Tabaraka. Baada ya Idi akawa anaanza sura vizuri, akifika katikati ananyamaza. Nikamkaripia. Siku moja nikamsimamisha mbele ya wenzake mpaka adhana ya Magharibi, nikiamini kuwa ni uvivu. Wiki ya tatu mama yake mdogo, anayemlea, alikuja kunieleza kwamba kaka wa mtoto yule, aliyekuwa akiishi mtaa mwingine, alifariki katika moto ule. Mtoto hakuwa amesema neno kwa mtu yeyote, si nyumbani wala madrasani. Namuomba Allah anisamehe kwa adhabu ile.

Nilijaribu kuzungumza naye, akawa anaitikia "ndiyo ustadhi", "hapana ustadhi", basi. Ndipo nikampa daftari, nikamwambia: andika lolote lililo moyoni mwako, sitalisoma, na ukitaka lichane. Aliandika jioni nne mfululizo, akikaa peke yake kwenye kona ya jamvi. Jioni ya nne alinijia, amekunja ukurasa ili nione mstari mmoja tu. Aliandika kwamba alimuomba kaka yake viatu vya Idi, na kwamba kaka yake alikwenda kuchota mafuta kwa sababu ya viatu hivyo.

Ndugu msomaji, mtoto wa miaka kumi na mbili alikuwa amebeba mzigo huo wiki nzima baada ya wiki, huku mimi namdai aya. Mstari ule ulipotoka, ndipo nilipopata pa kumjibu. Nilimwambia kuwa ajali haikuletwa na viatu, na kwamba muda wa kila mja umekwishaandikwa na Mola wake. Tukalia sote wawili. Sisemi kuwa daftari lilimponya, kwani mponyaji ni Allah. Nasema daftari lilifungua mlango ambao fimbo na maswali yangu havikuweza kuufungua.

DINI YETU NA HUZUNI

Wapo wanaodhani kuwa Muislamu mwenye imani hahuzuniki. Hiyo si kweli. Mtume (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi, na alipoulizwa akaeleza kuwa hiyo ni rehma. Mwaka aliofiwa na bibi Khadija (R.A.) na ami yake Abu Talib umejulikana katika historia kuwa ni Mwaka wa Huzuni. Nabii Yaakub (A.S.), kama tunavyosoma katika Surat Yusuf aya ya 86, alieleza kuwa anamshitakia Allah majonzi yake. Huzuni haikukatazwa. Kilichokatazwa ni kumkufuru Allah na kupiga mayowe ya kijahilia.

Na kalamu je? Aya za mwanzo kabisa kuteremshwa zimeitaja kalamu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Al-Baqara aya ya 282, inaamrisha deni liandikwe. Wazee wetu nao wakasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa deni la fedha huelemea kumbukumbu ya mtu mpaka likahitaji kuandikwa, deni la huzuni ni zito zaidi.

WALIOTUTANGULIA

Jambo hili si geni kwa Waswahili. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alitunga utenzi wake kwa binti yake, takriban mwaka 1858, akiwa katika maradhi. Shaaban Robert wa Tanga alipofiwa na mkewe Amina alimtungia shairi. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa jela nchini Kenya kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wa kisiasa. Akiwa peke yake jela alitunga mashairi na kuyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yalichapishwa mwaka 1973 katika kitabu Sauti ya Dhiki. Hata jina la kitabu linajieleza: dhiki ilipata sauti.

WATAALAMU WANASEMAJE

Mwaka 1986 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, James Pennebaker, pamoja na mwenzake Sandra Beall, walitoa matokeo ya jaribio kwa wanafunzi wa chuo. Kundi moja liliandika kwa dakika 15, siku nne mfululizo, juu ya jambo lililowaumiza sana. Kundi jingine liliandika mambo ya kawaida tu. Mara baada ya kuandika, walioandika maumivu yao walijisikia vibaya zaidi. Lakini katika miezi iliyofuata, wale walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao.

Kwa nini? Maelezo mojawapo ni kuwa kuficha jambo ni kazi. Akili hutumia nguvu kulizuia, na nguvu hiyo hupungua kwenye masomo. Maelezo mengine ni kuwa jambo lisiloandikwa huzunguka kichwani vipande vipande, lakini ukiliandika unalazimika kulipa mwanzo, katikati na mwisho. Hapo ndipo mtu huona wapi amejidanganya, kama alivyofanya kijana wangu na viatu vyake.

Tusitie chumvi lakini. Mwaka 2006 mtafiti Joanne Frattaroli alikusanya tafiti 146 za aina hii, akakuta kuwa faida ipo ila kwa wastani ni ndogo. Hii ni nyenzo moja miongoni mwa nyenzo, wala si badala ya dua, ya watu wa karibu, wala ya daktari.

NAMNA YA KUFANYA DARASANI

1. Tenga dakika 15, mara chache kwa muhula. Zinatosha. Kila mtu na karatasi yake, kimya.

2. Mwanafunzi achague mwenyewe la kuandika. Asiyetaka kuandika machungu yake aandike safari ya Matombo kwa bibi, au ukungu wa asubuhi juu ya Uluguru. Asilazimishwe.

3. Usisahihishe. Hakuna herufi kubwa wala nukta hapa. Akiandika Kiluguru, aandike.

4. Mwalimu asisome bila ya ruhusa, wala karatasi isisomwe mbele ya darasa. Ukivunja ahadi hii mara moja tu, hutaandikiwa tena ukweli.

5. Aandike yaliyotokea, alivyojisikia, na anavyoliona jambo hilo sasa.

6. Mwisho someni dua pamoja. Karatasi aihifadhi au aiharibu. Ikiwa ina jina la Allah, isitupwe jalalani. Ichomwe au ifukiwe mahali safi.

TAHADHARI

Msiba ukiwa mbichi, siku za mwanzo, mtoto anahitaji kukumbatiwa, kula na kulala. Usimkimbize na daftari. Akiandika na kuzidi kutetemeka au kulia bila kunyamaza, asimamishe mara moja. Makosa yake ambayo Allah amemsitiri asiyatangaze kwa wenzake. Na aliyoyaandika juu ya watu wengine yabaki kwake, yasije yakawa usengenyaji.

Na wewe mwanafunzi mpendwa, sikiliza vizuri. Ikiwa unaloliandika ni kupigwa kupita kiasi, kuchezewa mwili wako, au kutamani kufa, hilo si la kubaki kwenye karatasi. Mwambie mtu mzima unayemuamini leo hii. Kama hayupo, ipo simu ya watoto nambari 116, na lipo Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi. Kusema hapo si kuvunja heshima ya nyumba.

KWENU WAZAZI

Mkiona daftari la mtoto chini ya godoro, msilifungue. Mkiona amebadilika, hali chakula, hachezi, amenyamaza, basi tuambieni sisi walimu, nasi tutawaambia tunayoyaona huku. Kama mimi ningejua mapema, au ningeuliza kabla ya kuadhibu, mtoto yule asingesimamishwa mpaka Magharibi. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Na mtoto huficha pale anapoona hakuna wa kumsikiliza.

Leo kijana yule amekuwa mtu mzima, alhamdulillah, na Tabaraka aliimaliza. Tunamuomba Allah awarehemu waliotangulia, awape subira waliobaki, na azijaalie kalamu za watoto wetu ziwe na kheri. Aamin.

Wabillahi tawfiq.