Kinga ya Rais Ina Mwisho

Kila kashfa inapozuka, iwe Kitale au Bungoma, swali huwa lile lile: kuna haja gani ya kumfuatilia rais ilhali ana kinga? Jibu ni fupi na inachosha kulirudia. Kinga hiyo ni ya wakati yuko ofisini tu. Kifungu cha 143 cha Katiba ya Kenya kinazuia rais kushtakiwa kwa jinai akiwa madarakani, kisha kinaongeza jambo ambalo mahodari wa vijiweni hulikwepa: pale sheria inapoweka muda wa mwisho wa kufungua kesi, miaka aliyokaa Ikulu haihesabiwi. Aliyeiba mwaka wa kwanza wa utawala wake hawezi kujitetea kwa kusema kesi imechacha. Makosa yaliyo chini ya mikataba ya kimataifa inayokataza kinga hayasubiri hata aondoke ofisini. Uhuru Kenyatta alifika mbele ya majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) kule The Hague Oktoba 2014 akiwa rais, ingawa mashtaka yaliondolewa Desemba. Hata katiba ya zamani ilimkinga rais akiwa ofisini tu. Basi uvumi wa kinga ya milele haukutoka katika sheria yoyote ya Kenya, na anayenufaika nao ni mwizi.

Mtu ataniuliza: mbona basi hakuna rais mstaafu wa Kenya aliyewahi kushtakiwa kwa ufisadi? Pingamizi hili lina uzito, lakini linaelekeza kidole pasipostahili. Baada ya 2002 Tume ya Bosire ilichunguza kashfa ya Goldenberg, na ripoti ya Ndung'u ya 2004 ikaeleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria, yakiwemo mashamba ya Shirika la Maendeleo ya Kilimo (ADC), ambalo mkazi wa Trans Nzoia hahitaji kuelezwa. Rais mstaafu Moi alikuwa raia wa kawaida wakati huo, na alifariki Februari 2020 bila kufikishwa kortini. Kilichokosekana ni nia ya kushtaki. Haiti ilichelewa vivyo hivyo: rais wake wa zamani, Jean-Claude Duvalier, alikimbia 1986, akarudi 2011, akafa 2014 kabla ya kuhukumiwa.

Ukitaka kuona kwamba kinga si kiini cha tatizo, watazame magavana, ambao Katiba haikuwapa kinga kama hiyo. Ferdinand Waititu wa Kiambu aliondolewa Januari 2020. Hukumu yake ya ufisadi ilikuja Februari 2025. Bungoma nayo, 2015, ilinunua wilbaro 10 kwa zaidi ya shilingi 109,000 kila moja, na tukaambiwa chuma chake hakisababishi saratani. Waliopelekwa mahakamani ni maafisa wa kaunti. Gavana wa wakati huo, Kenneth Lusaka, hakushtakiwa. Alikwenda kuwa Spika wa Seneti, kisha akarejea ugavana 2022. Sisemi alihusika. Nasema kwamba sheria ya ununuzi huweka sahihi mikononi mwa afisa mhasibu na kamati za zabuni, na mwendesha mashtaka hufuata sahihi. Aliye juu akiagiza kwa simu, anayebaki na karatasi ni karani. Katiba ililiona hilo: Kifungu cha 135 kinataka uamuzi wa rais uwe wa maandishi, wenye muhuri na sahihi yake, na Kifungu cha 226 kinamtaka yeyote aliyeelekeza au kuidhinisha matumizi haramu ya fedha za umma alipe hasara mwenyewe, awe bado ana cheo au hana. Maneno "aliyeelekeza" na "kuidhinisha" hayathibitishwi kwa kelele za mkutano wa hadhara.

Kwa hiyo kusanyeni karatasi mapema. Ombeni nakala za zabuni na kandarasi kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016; ofisi ina siku 21 kujibu, na ikikaa kimya mlalamikie Tume ya Haki za Utawala. Someni ripoti ya Mkaguzi Mkuu kuhusu kaunti yenu, tena ile iliyochapishwa, si muhtasari wa WhatsApp. Wenye ushahidi waupeleke Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC), ambayo ina ofisi Bungoma. Kifungu cha 258 kinamruhusu mtu yeyote kwenda kortini akidai Katiba imevunjwa. Barua ya kwanza ya kuomba nakala haihitaji wakili. Iandikeni sasa, kiongozi angali madarakani na faili zingali kabatini.