Si Kila Uvimbe ni Saratani

Shangazi yangu ana mbwa mzee anayeitwa Simba. Mwaka huu kinyama kidogo, mfano wa punje ya pilipili manga, kilimwota ukingoni mwa kope. Kiingereza cha shangazi kinamtosha sokoni hapa Birmingham, lakini kwa daktari akaniomba nikatafsiri. Daktari alipomaliza kueleza nikasema, "Ana saratani." Shangazi akaanza kulia.

Nilikosea. Daktari alisema "uvimbe". Vinyama vingi vinavyoota kwenye kope za mbwa wazee hutokana na tezi za mafuta, wala havisambai mwilini.

Hata hivyo, havifai kupuuzwa. Kinyama husugua kioo cha mbele cha jicho mpaka kikafanya kidonda. Ndiyo maana daktari alimtia Simba tone la dawa ya rangi, akammulika kwa taa ya buluu: palipochubuka hung'aa kijani. Akapima pia presha ya jicho. Jibu la uhakika hutoka maabara, kinyama kikishakatwa. Kikiwa kidogo hukatwa na kope ikashonwa vizuri. Kikiachwa kikue, kope haibaki ya kutosha kushona.

Uvimbe wa ndani ya jicho ni mzito zaidi. Mara nyingi huanza kama doa jeusi kando ya mboni. Kwa mbwa, mwingi wa aina hii nao si saratani, lakini ukikua huziba njia ya maji ya jicho. Presha hupanda, jicho huuma na hatimaye hupofuka. Ukiwahiwa, mwingine huchomwa kwa leza. Ikishindikana, jicho hutolewa. Inatisha kusikia, ila maumivu huisha, na mbwa huendelea kuishi kwa pua, masikio na jicho lililobaki.

Anayehofia gharama ajue kuna PDSA, shirika lililoanzishwa na Maria Dickin mwaka 1917 kuwatibu wanyama wa watu wenye kipato kidogo. Lina hospitali hapa Birmingham.

Simba alishonwa, akapona. Maabara ilithibitisha haikuwa saratani. Wanachama wenzangu, wengi wetu huwatafsiria wazazi hospitalini. Neno usilolijua, muulize daktari kwanza. Siku hizi shangazi hunikatiza: "Ngoja. Amesema uvimbe au saratani?"