Bilinganya za Kuchoma na Korosho

Ndugu msomaji wa Maili Moja, mkoa wetu wa Pwani una mikorosho. Korosho nyingi huuzwa. Bakiza kiganja kimoja kwa mboga ya nyumbani.

Chukua bilinganya mbili, nyanya mbili na kitunguu kimoja. Bilinganya usizimenye. Zitoboe kwa kisu, kisha zichome juu ya makaa. Zigeuze mpaka ganda liwe jeusi na ndani zilainike. Choma na nyanya. Sasa zimenye, uziponde kwa mwiko. Tia kitunguu kilichokatwa, chumvi kidogo na ndimu.

Kaanga korosho bila mafuta. Koroga bila kuacha, maana huungua upesi. Zitwange kidogo tu, uzinyunyize juu.

Tumia korosho zilizobanguliwa. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na moshi wake huwasha macho. Watoto wasibangue. Zenye kuvu zitupe.

Mboga hii ina wanga kidogo. Mgonjwa wa kisukari aweza kujaza nusu ya sahani, akapunguza ugali. Lakini kama anatumia insulini au vidonge, aulize kwanza zahanati. Ugali ukipungua na dawa ikabaki ileile, sukari mwilini yaweza kushuka mno, akaanguka.