Jambo ambalo mwanaume anamwambia muuguzi kwanza



Kuna ugonjwa ambao mtu anauficha kwa kapita wake, kwa ndugu yake, na mara nyingine kwa bibi yake mwenyewe. Ni ule wa mwanaume ambaye uume wake hausimami tena. Wengine watacheka wakisoma hapa. Lakini mwenye nao hacheki, na ni vizuri ajue kwamba dawa ziko, na kwamba wakati dawa zote zimeshindwa, munganga mpasuaji anaweza kuweka chombo ndani ya mwili. Katika kazi hiyo munganga anashika kisu kwa saa moja au mbili. Muuguzi anakaa na mgonjwa majuma mengi.

Ugonjwa unatoka wapi? Sukari katika damu, tansio, tumbako, au kansa ya tezi ya kibofu iliyopasuliwa. Kwetu sisi watu wa migodi kuna nyingine: mtu akibanwa na gari au na jiwe, mifupa ya nyonga ikavunjika, mishipa ya damu na ya fahamu inayokwenda kwenye uume inaweza kukatika. Tena kuna vijana wenye ugonjwa wa damu unaoitwa SS. Kwao uume unaweza kusimama wenyewe, na uchungu mwingi, bila kulala. Mzazi, ukiona hivyo, usingoje asubuhi. Saa 4 zikipita ni lazima kijana awe hospitali, hata usiku wa manane. Akiachwa siku mbili, nyama ya ndani inakufa, na nguvu haitarudi.

Hatuanzi na kisu. Tangu mwaka 1998 kuna vidonge, tena kuna sindano, na kuna pompi ya nje inayovuta damu. Lakini vidonge vya sokoni, vile vinavyouzwa bila karatasi ya munganga, acha kabisa. Mtu anayekunywa dawa ya moyo ya aina ya nitrati akichanganya na vidonge hivyo, tansio inaweza kuanguka hata akafa.

Chombo chenyewe ni kazi ya mafundi kweli. Mwaka 1973, mjini Houston, Marekani, munganga F. Brantley Scott na wenzake walionyesha chombo kinachojazwa maji. Mirija miwili inawekwa ndani ya uume, pompi ndogo ndani ya mfuko wa kende, na kifuko cha maji chini ya tumbo. Mtu akifinya pompi, maji yanaingia katika mirija na uume unasimama. Akifinya mahali pa kufungulia, maji yanarudi. Hakuna kinachoonekana kwa nje. Kuna aina nyingine pia, fimbo mbili za kukunja, bila pompi. Hizo ni rahisi zaidi kwa mtu ambaye vidole vyake havina nguvu.

Sasa muuguzi. Mbele ya kupasuliwa ni yeye anayesema mambo ambayo mgonjwa hapendi kusikia. La kwanza: hakuna kurudi nyuma. Nyama iliyokuwa ikijaa damu inaharibiwa chombo kinapoingia. Kikitolewa kesho, uume hautasimama tena kama zamani. La pili: chombo hakiongezi urefu, na wengine wanauona umefupika kidogo. Hakileti hamu. Mtu aliyekuwa anasikia raha ataendelea kuisikia. Muuguzi mzuri anaomba bibi aje naye, kwa sababu nyumba nyingi zimeingia taabu kwa kudhani tu: mama anadhani bwana amepata mwanamke mwingine, bwana anadhani mama anamdharau. Wakisikia maneno yaleyale pamoja, kazi inakuwa nusu. Na kama mzee anaona haya mbele ya muuguzi msichana, aombe muuguzi mwanaume.

Anaangalia pia ngozi na mkojo. Jipu moja, kidonda kidogo, mkojo wenye mikrobi: siku inaahirishwa, hata kama mgonjwa anakasirika. Sukari lazima ishuke, tumbako iachwe. Asijinyoe nyumbani kwa wembe. Akijikata, amefungulia mikrobi mlango.

Baada ya kisu, barafu inawekwa ikiwa imefungwa katika kitambaa, mfuko wa kende unainuliwa, na mpira wa mkojo mara nyingi unatolewa kesho yake. Kuvimba na rangi nyeusi-nyeusi vinaogopesha, lakini vinapungua. Kinachotisha ni kingine: homa, usaha, uchungu unaoongezeka badala ya kupungua, au ngozi iliyoshikamana na pompi. Kati ya wagonjwa 100 wa mara ya kwanza, mmoja hadi watatu wanapata mikrobi ndani, na mara nyingi chombo chote lazima kitolewe. Kwa hiyo mgonjwa arudi siku hiyohiyo, asingoje tarehe ya karatasi yake. Kuinua mizigo na kushika sururu ni mwiko mpaka munganga aruhusu.

Karibu na juma la 4 hadi la 6 somo kubwa linaanza: kutumia pompi. Hapa haraka haifai. Muuguzi anaonyesha, halafu anaondoa mikono yake na kumwacha mgonjwa afanye mwenyewe. Kujaza, wengi wanaweza siku ya kwanza. Kufungua ndiko kunawashinda. Wanatafuta mahali pa kufinya, jasho linatoka, wanaona aibu. Arudie hata mara kumi. Asiende nyumbani bila kuweza, na asilale na bibi yake mbele ya munganga kuruhusu.

Siri ni ya mgonjwa. Karatasi ya mapumziko inaandika siku tu. Kapita hana haja ya kujua zaidi. Lakini mtu mmoja ni lazima ajue sikuzote: muuguzi wa hospitali yoyote utakayolazwa baadaye. Chombo kinaweza kukaa zaidi ya miaka 10, na katika miaka hiyo unaweza kuumia au kupasuliwa tumbo. Mpira wa mkojo usiingizwe mbele ya maji ya chombo kuondolewa katika mirija. Ukiwa umezimia huwezi kusema, basi weka karatasi yenye jina la chombo pamoja na karatasi zako za kazi, na bibi yako ajue iko wapi.